Sauti ya Silinda ya Tatu

Kasingirima, Ujiji
16 Februari 1997

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Zipokee salamu za huku ziwani, zangu na za mama. Tu wazima, ukiondoa goti la mama, ambalo mvua zikianza nalo linaanza. Juzi alipanda Kalinzi kwao kuangalia kahawa, akarudi na mkungu wa ndizi na mafua. Dada yake, mama mkubwa Agnesi, anakusalimu sana na anauliza kama bado unakula ugali kwa kijiko.

Sasa nikuambie lililonikalisha chini kuandika. Gari la marehemu baba lipo. Najua hujawahi kuniuliza habari zake, lakini lipo. Tangu siku ile nilipoliendesha kutoka Bujumbura mpaka Manyovu, mama akiwa nyuma katikati ya magodoro, limelala kwenye gereji ya Mzee Mwinshehe hapa Ujiji. Mwezi uliopita nilimwomba aliwashe. Likawaka, lakini si lile gari letu. Likisimama linatetemeka kama lina homa, na ekzosi inakohoa. Kwenye kilima cha kwenda Mwanga lilijivuta mpaka baiskeli ya muuza dagaa ikatupita, na mwenyewe akatupungia mkono. Gari la mashindano, baba mdogo! Gari lililokuwa likipita Bujumbura watu wanapanda juu ya kuta kuliona! Nilijifunika kanga usoni nisijulikane.

Leodgar, fundi wa hapa, amebadilisha plagi na kusafisha kabureta zote mbili. Hakuna nafuu. Nikamwambia Mzee Mwinshehe kwamba baba mdogo wangu Ntakarutimana ndiye aliyelilea gari hili. Nikamweleza ulivyokuwa ukifumba macho, unasikiliza injini, unataja ugonjwa kabla hujashika spana. Akacheka mpaka kofia ikamwendea upande. Halafu akaacha kucheka, akasema:

"Basi mwandikie. Akiujua ugonjwa wa gari hili akiwa hukohuko kambini, mimi mwenyewe nitakwenda kwa mkuu wa kambi kumwombea kibali aje afanye kazi hapa. Fundi wa namna hiyo nimemtafuta tangu nikiwa na nywele."

Unaona mambo yalivyo? Ukilitibu gari, unatoka kambini. Nataka utoke. Baba hayupo, wewe ndiye uliyebaki wa upande wake, na nimechoka kuwa na baba mdogo wa karatasi.

Mama anauliza tena lile swali lake. Siku ile sokoni ulikuwa na baba mpaka mwisho. Alisema nini? Anasema hatalia, anataka tu kujua.

Barua hii anakuja nayo Honorata wa parokia. Ataiacha kwa katekista wenu.

Mwanao,
Capitoline


Kambini, Kasulu
9 Machi 1997

Mwanangu Capitoline,

Amahoro, amani iwe nawe. Barua yako imefika ikiwa imelowa kingo zote, nikaianika juu ya maharage kabla ya kuifungua. Mimi nipo. Nimejenga kibanda kipya karibu na mikaratusi. Asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani, naamka siioni miguu yangu, nakaa kitandani naingoja irudi. Siku za huku zinapita hivyo hivyo, polepole, kama zinaogopa kumgusa mtu. Mwambie Agnesi kijiko kiliibwa, sasa nakula kwa mkono kama watu wengine.

Niliposoma habari ya baiskeli ya dagaa niliikunja barua, nikatembea mpaka kisimani, nikarudi ndipo nikaweza kuendelea.

Mwambie Leodgar asibadilishe kitu kingine. Fundi anayebadilisha vitu kabla ya kujua anatapatapa. Kwanza muwashe gari, mliache lipate joto. Achomoe waya wa plagi moja, aangalie, aurudishe, aende kwenye ya pili. Ukichomoa waya wa silinda nzima, injini itazidi kuyumba. Ukichomoa wa silinda mgonjwa, haitajali. Halafu wewe, si Leodgar, chukua kipande cha karatasi laini, kishike nyuma kwenye mdomo wa ekzosi, kining'inie. Uniambie kinafanya nini. Usiniambie unachodhani kinafanya.

Na uniandikie inavyolia. Usiniandikie "inakohoa", maana hata mbuzi anakohoa. Andika kana kwamba mimi sijawahi kusikia injini maishani.

Mshukuru sana Mzee Mwinshehe. Habari ya kibali tusiifanyie haraka, huku mambo yana utaratibu wake. Msalimu mama yako. Mwambie maharage yangu yametoa maua meupe.

Baba yako mdogo,
Ntakarutimana


Kasingirima, Ujiji
30 Machi 1997, Pasaka

Baba mdogo,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Mama amepika sombe ya majani ya muhogo kwa mawese, na samaki wa migebuka, kisha akakaa mbele ya sahani anaitazama. Nilimsomea barua yako. Nilipofika kwenye maua ya maharage alisema, "Sikumuuliza maharage." Nimekuandikia kama alivyosema, usinikasirikie.

Haya, gari. Tulichomoa waya wa kwanza, likayumba. Wa pili, likayumba. Wa tatu, baba mdogo, halikujali kabisa! Ni kama tuliomba ruhusa kwa mtu aliyelala. Wa nne likayumba tena. Leodgar aliurudia wa tatu, halikujali tena.

Karatasi nayo niliishika mwenyewe. Moshi unaisukuma nje, inapepea vizuri, halafu ghafla inavutwa ndani, pwa, inagusa mdomo wa bomba, kisha inasukumwa tena. Haikosi. Ni kama bomba linapumua nje na ndani, na gari halitakiwi kupumua ndani kwa nyuma, hata mimi najua.

Sauti sasa. Nimeisikiliza mpaka naisikia nikichota maji. Unakumbuka wanawake wanne wakitwanga kwenye kinu kimoja, mchi baada ya mchi? Mtu aliyelala chumbani anajua ni wanne bila kuwaona. Sasa mmoja wao, wa tatu, anainua mchi wake lakini haushushi. Wenzake wanaendelea, tu, tu, kimya, tu. Tu, tu, kimya, tu. Na kwenye kile kimya kuna pumzi inatoka nyuma, fff, kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Nikikanyaga mafuta kimya kinajificha. Nikiachia kinarudi.

Leodgar anasema ni ringi za pistoni. Mzee Mwinshehe anasema labda gasketi. Hataki kufungua hedi ya injini kwa kubahatisha, maana ukiifungua gasketi imekufa, na nyingine mpaka itoke Dar kwa treni, na treni yenyewe unaijua. Kwa hiyo anakungoja wewe useme neno moja.

Ili usitegemee michi yangu peke yake, nimeazima redio ya jirani yetu Recho, yule kiongozi wa kwaya, nikaliwasha gari na kurekodi kaseti nzima. Ninaituma pamoja na barua hii. Fumba macho usikilize kama zamani.

Mwanao,
Capitoline


Kambini, Kasulu
27 Aprili 1997

Mwanangu,

Amahoro. Afya yangu si mbaya. Mvua imepungua na vijia vya kambi vimekauka, watu wanatembea tena bila kuangalia chini. Jana niliota niko ziwani, upande wetu ule wa Rumonge, naogelea chini ya maji na macho wazi, na samaki wananipita wakifungua midomo. Niliamka nimetulia sana.

Kaseti nimeipata. Katekista aliniazima redio yake, nikaiweka juu ya kigoda mlangoni, nikaweka kiganja juu yake, nikaisikiliza mwanzo hadi mwisho. Capitoline, sikujua kama watu wa kambini wanapenda gari la mashindano kiasi hiki! Kwanza alikuja jirani yangu, bibi Ndayikunda, akakaa chini. Wakaja wengine. Wakawa wanayumba taratibu, wengine wamefumba macho. Mwisho wakapiga makofi. Bibi Ndayikunda alilia, akanishika mikono yote miwili. Nilisimama pale kama bwana harusi. Baba yako angefurahi kupita kiasi, maana alipenda kushangiliwa, tusimsingizie upole.

Kaseti imenithibitishia. Ni silinda ya tatu, na ni vali yake ya kutolea moshi. Haifungi. Imeungua ukingo. Pistoni ikishuka kuvuta hewa, inavuta na moshi uliokwisha kutoka, ndiyo maana karatasi yako inarudi.

Lakini Mzee asifungue kwa neno langu tu. Chomoeni plagi ya tatu, uzibe tundu kwa kidole gumba, Leodgar azungushe injini. Halafu tieni kijiko cha oili ndani, urudie. Kama ni ringi, oili itaziba na kidole kitasukumwa kwa nguvu zaidi. Kama ni vali, hakitaona tofauti. Baada ya hapo ileteni pistoni ya tatu juu kabisa, vali zote mbili zikiwa zimefungwa, mpulize hewa kwa pampu kupitia tundu la plagi. Usisikilize. Weka shavu lako kwenye mdomo wa ekzosi. Shavu halidanganyi.

Na kama unajilaumu kwamba uliliharibu wewe, acha. Mlima, magodoro, gia ndogo, moto mwingi, njia nzima bila kupumzika. Ilibidi kitu kiungue, na ni afadhali kiliungua chuma.

Ntakarutimana


Ujiji, 11 Mei 1997
(haikutumwa)

Baba mdogo,

Sijui nianzie wapi. Leo baada ya misa Recho aliwakusanya wanakwaya kujifunza wimbo wa Pentekoste kutoka kwenye kaseti ya kwaya ya Kagunga waliyoazimwa. Akaunganisha redio na spika za kanisa, akabonyeza. Gari letu likanguruma kanisani. Bibi mmoja alikimbilia mlangoni na rozari yake. Wanakwaya walicheka mpaka wakakaa chini, nami nilicheka nao, nikisema, Mungu wangu, nilipomrudishia redio yake nilizichanganya kaseti, baba mdogo nimempelekea kwaya.

Halafu nikaacha kucheka.

Ulisema umeisikiliza mwanzo hadi mwisho. Ulisema imekuthibitishia. Wale watu hawakuwa wanapigia makofi gari, baba mdogo, walikuwa wanapigia makofi wimbo. Bibi Ndayikunda alilia kwa sababu ya wimbo. Wewe ulisimama katikati yao na mkono juu ya redio, na hukusikia.

Tangu lini? Nimekaa hapa nakumbuka siku ulipokuja nyumbani kutuambia baba amekufa. Ulipiga kelele. Kila neno ulilipiga kelele, chukueni gari, ondokeni, mimi nabaki kumzika. Nilidhani una hasira na sisi. Nimekuwekea kinyongo kwa sauti ile muda wote huu.

Kwa nini hukuniambia? Unadhani nitakupenda kwa sababu ya masikio?

Siwezi kuituma hii. Kama umeamua kuficha, mimi ni nani nikufunue kwa barua inayopita mikononi mwa watu.


Kasingirima, Ujiji
18 Mei 1997

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Huku salama. Goti la mama limepoa, amepanda Kalinzi tena, safari hii kwa pikipiki, na anajisifu kama yeye ndiye dereva wa mashindano.

Ulikuwa sahihi. Kidole changu hakikuona tofauti yoyote kabla na baada ya oili. Tulipopuliza hewa niliweka shavu kwenye ekzosi, nikaguswa na upepo mwembamba wa baridi. Hapo Mzee Mwinshehe akasema, "Fungua." Leodgar alifungua hedi, akaitoa vali ya silinda ya tatu, akaishika juu kwenye mwanga. Ukingo umelika upande mmoja, kama biskuti iliyoumwa na panya. Mzee aliifunga kwenye kitambaa akaiweka mfukoni, na sasa anamwonyesha kila mteja. Vali mpya na gasketi zimeagizwa Dar. Mzee amesema kazi yako umeifanya, sasa yake ni kibali.

Nina nafasi kwenye karatasi, acha nikuandikie habari za huku. Mvua za mwisho zinapiga mabati, kwanza moja moja kama mtu anayepanga sahani, halafu zote kwa pamoja mpaka ukisema kitu unaona mdomo wako tu. Asubuhi mitumbwi ya dagaa inarudi ikiwa kimya, kisha inagusa mchanga, na hapo kelele za wanawake zinalipuka, zina furaha na ugomvi ndani yake. Mwadhini wa msikiti wetu ana mafua wiki nzima, adhana inatoka puani. Na ziwa lenyewe likitulia mchana, linafanya sauti ndogo kwenye kokoto, kama mtoto anayenyonya usingizini. Nitakuwa nakuandikia hizi kila mara.

Mama nimemwambia asiulize tena lile swali.

Mwanao,
Capitoline


Kambini, Kasulu
22 Juni 1997

Mwana wanje, mwanangu,

Mwambie Mzee Mwinshehe asiende kuomba kibali.

Siku chache baada ya barua yako kufika, bibi Ndayikunda alikuja na katekista. Walikuwa wanataka kitu, nikawa naitikia kwa kichwa kama kawaida yangu. Katekista akaona sielewi. Akaokota kijiti, akaandika kwenye vumbi mbele ya miguu yangu: "ile kaseti ya kwaya". Nilisimama pale nayasoma maneno yale. Kisha nikaingia ndani nikaifungua tena barua yako, nikasoma mvua, mitumbwi, mwadhini. Mtu hamwandikii mwenye masikio sauti ya mvua. Umejua, na umeninyamazia kwa adabu. Nimeona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na pia, sijui niseme vipi, nimepumzika.

Nitakuambia mara moja. Mimi na baba yako tulikwenda sokoni kununua mafuta ya breki. Bomu lilirushwa katikati ya watu. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo. Nilipoinuka dunia ilikuwa inalia mlio mmoja mwembamba, hauna mwanzo wala mwisho. Nilimkuta baba yako, Kubwimana, nikamweka kichwa mapajani. Alikuwa ananitazama. Midomo yake ilisogea, Capitoline. Alisema kitu, akakirudia. Niliinamisha sikio mpaka likagusa mdomo wake, nikaisikia pumzi yake ya moto, na nilichosikia ni ule mlio. Nikamwambia sema tena, sema tena. Hakusema tena.

Nilidhani masikio yatafunguka. Ule mlio ulififia, na kila kitu kikafifia nao. Ndiyo maana sijamjibu mama yako. Ningemwambia nini? Kwamba mume wake alituachia neno na mimi nikaliacha lianguke?

Siku hizi nimejifunza kidogo kusoma midomo ya watu. Na baba yako anakuja usingizini, tuko chini ya maji, ananitazama vilevile, nami namsoma. Naona midomo inafungwa kwanza, halafu inafunguka. Jina la mama yako, Melania, linaanza kwa midomo kufungwa. Lakini hata mtu anayemwita mama yake anaanza hivyo. Nimeitazama mara nyingi sana na siwezi kujua. Ningeweza kumdanganya mama yako kwa neno moja tamu, na angefurahi. Nimekataa.

Wewe umewaambia watu kwamba mimi ninafumba macho nasikiliza. Mtu huyo alibaki sokoni. Sasa mimi ni fundi kiziwi. Nikija gerejini mtu atawasha injini nyuma yangu, nitabaki nimesimama kama gogo, na wewe utaona aibu mbele za watu. Niache huku na maharage.

Ntakarutimana


Kasingirima, Ujiji
6 Julai 1997

Baba mdogo,

Shikamoo. Salamu za nyumbani nitaziandika mwisho, leo zitanivumilia.

Nilimsomea mama barua yako yote. Alikuwa anachambua dagaa. Aliendelea kuchambua mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo alimshika kichwa?" Nikasema ndiyo, mapajani. "Na hakuwa peke yake?" Nikasema hakuwa peke yake. Akanawa mikono, akaingia ndani, akalia, nami nikamwacha alie maana alikuwa amekiweka kilio hicho muda mrefu. Alipotoka alisema niandike hivi hivi:

"Mwambie shemeji yangu, kama aliniita mimi, naitika. Kama alimwita mama yake, mama yake alikuwa mtu mwema, nami nilimpenda. Amefanya vizuri kutonichagulia. Na mwambie aache kujiita mtu aliyeangusha neno. Aje ale."

Nimemwambia na Mzee Mwinshehe. Sikukuomba ruhusa, na sitakuomba radhi. Nilimwambia mbele ya Leodgar ili nisipate nafasi ya kughairi. Mzee alifikiri kidogo. Kisha akasema, "Sema tena kwa nguvu, sikusikia." Nikarudia kwa nguvu. Akasema, "Nimesikia mara ya kwanza. Nilitaka ujue kwamba hata mimi, kwa nyundo za gereji hii, watu wananirudia rudia." Alipomaliza kunicheka alikaa juu ya tairi, akasema anachotaka ni mtu anayejua aulize nini kabla ya kufungua injini. Wenye masikio anao, amesema, na walitaka kubadilisha ringi. Leodgar aliinama akatafuta spana ambayo haikupotea.

Vali imefika. Tuliisaga sisi wenyewe, Leodgar na mimi, ile fimbo yenye kinyonyeo cha mpira kinachoishika vali, katikati ya viganja, inazungushwa huku na huku juu ya unga wa kusagia, kama watu wanaotafuta moto kwenye mti. Tulipotia petroli juu yake kupima, haikupita hata tone. Gari likawashwa. Nilishika karatasi nyuma. Ilipepea nje, ikabaki nje, na hapo nilipiga kelele ambayo hata wewe ungeipata kupitia ardhini.

Kilima cha Mwanga tumekipanda kwa gia ya tatu. Sitasema mengi. Muuza dagaa alikuwepo.

Kibali kimetoka. Mzee alikwenda mwenyewe na koti la Idi, akakaa ofisini kwao mpaka wakamchoka. Nakuja kukuchukua Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, mimi mwenyewe nikiendesha. Huna haja ya kuwa mtu wa zamani. Kiti cha pembeni ni chako, kile ulichokuwa ukikaa baba akiendesha. Weka mkono kwenye dashibodi njia nzima kama unataka, uniambie inavyokwenda.

Mama ni mzima, goti ni zima, Agnesi amekununulia kijiko.

Capitoline


Kambini, Kasulu
20 Julai 1997

Mwana wanje Capitoline,

Amahoro kwako na kwa Melania. Barua yenu ninayo mfukoni, imeanza kuchakaa mikunjo.

Maharage nimemwachia bibi Ndayikunda. Amenifulia shati. Nimeogopa siku zote hizi, na bado naogopa, lakini nguo zangu ziko kwenye mfuko, na mfuko uko mlangoni.

Jumamosi nitakuwa kwenye kizuizi cha kambi tangu asubuhi, nikitazama barabara. Lakini huku kuna vumbi, na watu ni wengi, na mimi nachoka kusimama. Ukinikuta nimekupa mgongo, usipige honi. Usiniite. Zunguka polepole, uje mbele yangu, nikuone.

Baba yako mdogo,
Ntakarutimana